Kiraka Chenye Heshima

Kwetu pwani kiraka ni dalili ya ufukara, mtu hukificha. Lakini katika jimbo la Karnataka, India, wako ndugu zetu wa asili ya Afrika, Wasidi, ambao kwao kiraka ni pambo. Wengi ni kizazi cha watumwa walioletwa Goa na Wareno, wakatorokea misituni. Wako Waislamu, Wahindu na Wakristo.

Mfarishi wao huitwa kawandi. Mama hukusanya nguo kuukuu za nyumbani, huanzia pembeni, akashona kwa mkono akizunguka mpaka kati. Wanawake wa Kiislamu huenda wakatia hilali. Mwisho, kila pembe hupewa phula, yaani ua la kitambaa. Bila phula, wasema, mfarishi u uchi.

Mwaka 2004 wanawake hao walianzisha ushirika wa kuuza kazi yao, na mifarishi midogo ya watoto wachanga ikawa bidhaa. Naisifu biashara hiyo, kwa sharti moja: mnunuzi alipe mkono, asilipe tambara. Mshona kofia wa Lamu aujua uchungu huu. Hutunga miezi, kisha huulizwa bei ya kofia ya mashine. Msomaji, ukinunua, ihesabu sindano.