Kwa Nini Sikulipa Ile "Bili" ya Kikoa

Shemeji yangu alipoikuta barua mezani na kusikia nimegoma kulipa, alisema nitaiua tovuti ya biashara kwa ubishi, kisha akalipeleka suala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Naeleza hapa, maana nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Hawa Wamarekani ndio walioianzisha intaneti, lakini maisha yao bado yamo kwenye karatasi. Kila nyumba mtaani kwetu ina sanduku la barua kando ya barabara, lenye kibendera chekundu cha bati. Ukiwa na barua ya kutuma unakiinua, na mtu wa posta akipita anaichukua. Kisheria hata jirani haruhusiwi kutumbukiza humo karatasi isiyolipiwa stempu. Bili ya maji, ya daktari, ya kodi, zote huja humo ndani ya bahasha yenye kidirisha, na ukichelewa unapigwa faini. Watu wamezoeshwa kuiogopa bahasha hiyo, na mjanja anajua. Nyumbani Tanzania ningenunua umeme wa LUKU kwenye simu, nikaendelea na kazi zangu.

Barua ilitaja jina la kampuni yangu ya usafi, jina la kikoa (anwani ya tovuti yangu), tarehe ya mwisho na dola zaidi ya mia mbili. Msajili wangu namlipa chini ya dola ishirini kwa mwaka. Aliyeandika simjui. Ada ya kikoa anaidai yule aliyekuuzia, basi. Tena kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa, zinamtaka msajili wa .com akukumbushe kama mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, halafu wiki moja kabla. Ingia kwenye akaunti yako, tarehe utaikuta humo.

Anwani zetu watuma barua hizi wanazipata kirahisi. Daftari la wenye vikoa, WHOIS, lilikuwa wazi kwa yeyote hadi Mei 2018, sheria ya faragha ya Ulaya ilipowafanya wasajili wengi wafiche taarifa za wateja. Orodha za zamani bado zipo, na majimbo ya hapa huanika usajili wa kampuni hadharani.

Mwaka 2003 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Domain Registry of America: watu walidhani wanalipia mwaka mwingine, kumbe wanahamishia vikoa vyao kwa msajili mwingine. Barua yangu ilikuwa ya namna tofauti. Inauza nafasi kwenye orodha ya tovuti ambayo hakuna anayeisoma. Sheria ya posta inataka karatasi kama hizo zitamke waziwazi kwamba si bili. Hii ilitamka kwa herufi za kijivu, upande wa nyuma.

Aliyeziona ni binti yangu mkubwa, anayesoma kila kitu hadi maboksi ya nafaka. "Mama, hii si bili, wanatafuta wateja tu," akaniambia, kwa Kiswahili kilichonyooka. Mwalimu wake aliwahi kunishauri niache kuongea naye Kiswahili, eti kinamchanganya. Huyo naye nilimkatalia, na bibi yake Tanga sasa anapiga naye soga Jumapili nzima bila mkalimani. Mdogo wake anafuata nyuma, ingawa akikasirika anarudi kwenye Kiingereza. Wiki hii anataka tovuti ya michoro yake ya kasa. Nimemwambia amalize kwanza darasa la nne.