Funza wa mtoto humalizwa sakafuni, si kwa pini

Kiangazi kinapokolea Tabora na vumbi la uani kuwa jepesi kama unga, wazazi wengi vijijini huanza kuona dalili zilezile. Mtoto anajikuna vidole vya miguu usiku kucha. Asubuhi anatembea kwa visigino. Pini inatafutwa, mtoto anashikwa na watu wawili, na kazi ya kutoa funza inaanza huku analia. Wiki mbili baadaye funza wamerudi.

Wanarudi kwa sababu pini inashughulika na mguu peke yake, ilhali funza wengi hawako mguuni. Wako kwenye vumbi la chumba anacholala mtoto.

Alifika na misafara

Funza, ambaye wengine humwita tekenya, si mdudu wa asili wa huku. Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibiani. Mwaka 1872 meli ya Kiingereza, Thomas Mitchell, ilitoka Brazil na kutia nanga Ambriz, Angola, ikiwa na funza kwenye mchanga wake. Mwaka huohuo David Livingstone alikuwa Kwihara, jirani na mji wa Tabora, akisubiri wapagazi.

Kutoka Angola, funza alivuka Kongo na kuenea kwa njia za misafara, kama ile ya Ujiji, Tabora hadi Bagamoyo, akiwa ndani ya nyayo za watu waliotembea peku na mizigo kichwani. Kabla ya mwaka 1900 alikuwa ameshafika pwani. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita Uzinza, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, mwaka 1892, alieleza kuona watu walioharibika viungo na vijiji vilivyokwisha kwa sababu ya mdudu huyu.

Hadi leo hajaondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka vijiji vya mkoa jirani wa Kigoma ulikuta funza kwa zaidi ya theluthi moja ya watu waliochunguzwa.

Anaishi vipi?

Anayeingia kwenye ngozi na kubaki humo ni funza jike. Hupenda pembeni mwa kucha, katikati ya vidole na kwenye kisigino. Siku ya kwanza utaona doa jekundu lenye nukta nyeusi, na mtoto atawashwa. Ndani ya wiki moja au mbili funza huvimba na kuwa kama punje ya mbaazi, nyeupe, yenye nukta nyeusi katikati. Kupitia nukta hiyo hupumua na kutoa mayai, ambayo hudondoka chini.

Mayai hayo huanguliwa baada ya siku tatu au nne. Viluwiluwi vyake huishi kwenye vumbi kavu, chini ya mkeka, kwenye kona na kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Baada ya wiki chache kunakuwa na funza wapya wanaotafuta mguu.

Kwa nini pini ni hatari

Tundu linaloachwa na pini ni mlango wa vijidudu, vikiwemo vya pepopunda vinavyoishi kwenye udongo. Angalia kadi ya kliniki ya mtoto. Kama hakumaliza chanjo zake, mpeleke zahanati bila kusubiri.

Hatari ya pili ni pini moja kuzunguka watoto wote wa nyumba, au hata majirani. Damu iliyobaki kwenye pini inaweza kupitisha virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Aidha, funza aliyekwishavimba akipasukia ndani, kidonda huwa kikubwa zaidi.

Usimpake mtoto mafuta ya taa, dawa ya kupulizia mazao wala maji ya betri. Vitu hivi huunguza ngozi, na sumu ya dawa za mazao hupenya hadi mwilini.

Tibu mguu hivi

Mwoshe mtoto miguu kwa maji na sabuni kila jioni, ikaushe, kisha ikague kwenye mwanga, kidole kwa kidole. Kagua na mikono.

Ukiona funza mmoja au wawili, nenda zahanati watolewe kwa kifaa safi. Wakiwa wengi, uliza kuhusu dawa ya kuloweka miguu au ya kupaka. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulilinganisha dawa mbili kwa watoto. Baada ya siku saba, mafuta ya dimetikoni yalikuwa yameua funza 78 kati ya kila 100. Maji ya zambarau ya potasiamu pamanganeti yaliua 39. Dimetikoni huziba tundu ambalo funza anapumulia, na ndiyo hiyohiyo inayotumika nchi nyingi kuua chawa wa kichwani.

Mtoto mwenye usaha, homa, uvimbe unaopanda mguuni au taya linalokaza apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kisha rudi sakafuni

Nyunyiza maji kabla ya kufagia, kila siku, na anza na chumba cha kulala. Vumbi ulilolikusanya lichome au lifukie mbali na nyumba. Ziba nyufa kwa udongo uliokandwa vizuri. Ukipata fedha ya saruji, sakafia kwanza chumba cha watoto.

Mbuzi, nguruwe, mbwa na kuku wasilale ndani. Mbwa na nguruwe hubeba funza kama sisi, na panya pia. Mbwa wa nyumbani akaguliwe nyayo.

Viatu vinasaidia, lakini mtoto huvivua akiingia ndani, mahali ambapo mara nyingi ndipo walipo funza. Utafiti wa Madagaska uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kupaka miguu kila siku dawa ya kufukuza funza yenye mafuta ya nazi kulikinga zaidi kuliko kugawa viatu peke yake.

Endelea na haya kwa zaidi ya mwezi mmoja, ili mayai yaliyokwisha kudondoka yasipate nafasi. Zungumza na majirani mfanye pamoja, maana watoto wanacheza uwanja mmoja.

Mtoto asichapwe wala kuchekwa kwa kuwa na funza, na wala si kulogwa. Akiona aibu ataficha miguu, ataacha kwenda shule, na utagundua wakati kidonda kimeshaoza. Bibi na babu wasioweza kuinama nao wakaguliwe, kwani mara nyingi hawasemi.