Lebo Ndogo Ndani ya Helmeti

Wiki ya Safari Rally, vyumba vya kulala Naivasha hupanda bei hadi mtu akaona heri alale garini. Kihoto nayo hupata wageni wake, japo ni mtaa ambao ziwa liliingia sebuleni mwa watu mwaka 2020 na likarudi tena 2025. Wengi huja kuona Toyota na Hyundai zikitimua vumbi Kedong na Loldia. Magari hayo ya kiwanda yana mwenyewe wa kuyalipia. Lakini orodha ya washiriki huwa ndefu, na ukishuka chini yake utakuta Wakenya wenye gereji, mashamba na maduka ya spea, watu waliolipa kila kitu kutoka mfukoni: gari, mafuta, mafundi, leseni na ada ya kushiriki. Mtu wa aina hiyo ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha pesa zake kinamrudia kama usalama.

Jibu la haraka ni kwamba ada yenyewe huisha papo hapo. Inamezwa na bima, ambulensi, madaktari, vibali, na maandalizi ya wale vijana wa fulana za kung'aa wanaowafukuza watazamaji kwenye kona. Leseni hupitia shirikisho la taifa, KMSF, ambalo ndilo mwanachama wa FIA, shirikisho la dunia la mchezo huu. Anayekwambia ada yako ya mkondo mmoja wa Nakuru imejenga maabara Ulaya anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Fungu kubwa kabisa la FIA lilitoka kwingine: mwaka 2001 haki za kibiashara za Formula One ziliuzwa kwa miaka 100, na dola milioni 300 zikatumika kuanzisha wakfu wa FIA, unaogharamia kazi za usalama hadi leo.

Hata hivyo dereva mdogo analipia utafiti, ila kwa mlango wa nyuma. Mlango huo ni lebo.

Mwaka 1956, nchini Marekani, William Snell, ambaye rafiki zake walimwita Pete, alikufa kwa majeraha ya kichwa katika mbio za ridhaa. Helmeti alikuwa nayo, na ya kisasa kwa wakati ule. Ilishindwa kazi. Mwaka uliofuata wenzake waliunda taasisi kwa jina lake, wakiongozwa na daktari George Snively, wakaanza kufanya jambo ambalo watengenezaji wenyewe hawakuwa wakilifanya kwa dhati: kuzigonga helmeti kwenye chuma na kupima nguvu inayokifikia kichwa. Mpangilio wao wa fedha ndio unaonivutia. Mtengenezaji anayetaka kibali hulipia majaribio, kisha hununua lebo kwa kila helmeti anayoiuza. Sehemu ya pesa hizo huwawezesha kununua helmeti madukani kama mteja yeyote, bila mtengenezaji kujua, na kuzivunja ili kuhakikisha zile za dukani ni sawa na zile zilizoletwa kupimwa. Gharama ya lebo imo ndani ya bei. Kwa hiyo dereva wa Naivasha anayenunua helmeti yenye lebo hiyo amechangia maabara, ajue asijue.

Mikanda nayo ina hesabu yake. Siku ya ukaguzi wa magari, kabla ya mbio, mkaguzi huingiza kichwa mlangoni, anageuza kilebo kilichoshonwa kwenye mkanda wa bega na kusoma mwaka. Kama mwaka umepita, gari haliondoki, hata mkanda uwe unang'aa. Madereva hulalamika sana hapa, na sishangai, kwani kwa miaka mingi mikanda na viti vya viwango vya kawaida vya FIA vimepewa miaka 5 tu. Lakini nyuzi za mkanda hudhoofishwa na mwanga wa jua bila kuonyesha dalili, na jua la Bonde la Ufa halina huruma. Tena vumbi la hapa ni laini kama unga, hupenya katikati ya nyuzi na kuzisaga kidogo kidogo kila gari linaporuka tuta. Binafsi naona miaka 5 huku kwetu ni mingi.

Kuna mfano mwingine unaoonyesha mfuko wa mshiriki ukifanya kazi ambayo wakubwa hawakuitaka. Mwaka 1981 dereva Mfaransa, Patrick Jacquemart, alikufa akijaribu gari huko Ohio. Mwili ulishikwa na mikanda, kichwa chenye helmeti kikaendelea mbele, na mfupa wa chini ya fuvu ukavunjika. Rafiki yake Jim Downing, naye dereva, alimwendea shemeji yake Robert Hubbard, mhandisi wa mwili wa binadamu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Hubbard alibuni kola inayokaa mabegani chini ya mikanda, ikaunganishwa na helmeti kwa kamba mbili fupi, ili kichwa na kifua visimame pamoja. Kampuni kubwa hazikuitaka, wakafungua yao na kuwauzia wenzao mmoja mmoja. Ikachukua vifo vya madereva maarufu, akiwemo Dale Earnhardt mwaka 2001, ndipo wakubwa wakaamka. Formula One iliilazimisha mwaka 2003, na leo kola hiyo, HANS, ndiyo unayoiona shingoni mwa kila dereva akishuka garini pale Naivasha.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika mambo haya. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeshinda Safari mara tano, alistaafu baada ya ajali mbaya nchini Misri mwaka 1987, na baadaye akaongoza kamisheni ya rali ya FIA hadi kifo chake mwaka 2006.

Tukitaka kuona washiriki wa ridhaa wakichangia kwa uwazi, tusiende mbali. Rhino Charge, mashindano ya magari ya kukata porini hapa Kenya, ilianza mwaka 1989. Kila timu hulazimika kukusanya kiwango cha chini cha michango kabla ya kupewa nafasi, na pesa huenda Rhino Ark, shirika la kuhifadhi misitu. Hizo ndizo zilizosaidia kuzungusha ua wa umeme kwenye Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika 2009. Kisha ukaja ua wa Eburu, takriban kilomita 43, mwaka 2014. Eburu ni ule mlima ng'ambo ya ziwa, ukitazama kutoka Kihoto. Mchangiaji anaweza kwenda kuugusa ua wake. Usalama wa dereva hauna kitu cha kugusa namna hiyo, na ndiyo maana ada zake huzua manung'uniko.

Ningewashauri waandaaji wetu waanze na kitu cha bei rahisi. FIA ina hifadhidata ya dunia ya ajali mbaya, inayojazwa na mashirikisho ya nchi. Maabara haiwezi kupima kisichoandikwa. Gari likibingirika Elmenteita na watu wakatoka wakitembea, watu hushangilia, gari hupakiwa kwenye lori, na helmeti iliyogonga kizimba cha vyuma hufutwa vumbi na kuuzwa kwa kijana anayeanza. Povu la ndani likishaminywa halirudi, ingawa nje rangi ni nzima. Mkaguzi akipiga picha helmeti hiyo, akaandika nambari ya lebo, kasi na upande uliogongwa, kisha akakata kamba yake ya kidevuni isiuzike tena, kazi yote itamchukua robo saa, na mshahara wake umeshalipwa kutoka kwenye ada ileile.