Chumvi Mabondeni

Mwanachama mwenzetu mmoja alikwenda Mwanza kuwazuru jamaa zake wakaao Kiseke, na aliporudi alituuliza swali ambalo twaona yafaa kulijibu hapa kwa faida ya wote. Ziwa la huko, asema, ng'ambo yake haionekani na mawimbi yake ni kama ya bahari. Lakini watu humwagilia mboga kwa maji yake na mboga zikasitawi. Kwetu Pemba, bahari ikiingia bondeni, konde la mpunga limekwisha. Sababu ni nini?

Mito yote huchukua chumvi kidogo kidogo kutoka katika mawe na udongo. Ziwa Victoria lina mlango: maji yake hutoka Jinja yakawa Mto Nile, na chumvi hutoka nayo. Ziwa Eyasi na Ziwa Natron hayana mlango. Maji hupaa kwa jua, chumvi hubaki. Bahari ndiyo mwisho wa mito, na lita moja ya maji yake ina chumvi kiasi cha gramu 35. Wanachama walishike jambo hili la mlango, kwani tutalirudia.

Sasa tutazame mmea. Maji huingia mzizini kwa sababu utomvu wa ndani una vitu vilivyoyeyuka vingi kuliko maji ya udongoni. Udongo ukijaa chumvi, mambo hugeuka na maji huwa mazito kuingia. Ndiyo maana waweza kuuona mpunga umenyauka na hali miguu yako imezama matopeni. Wako wakulima ambao wakiona hivyo hudhani shamba lina njaa, wakaongeza mbolea ya viwandani. Mbolea hiyo nayo ni chumvi, basi wamezidisha.

Dhara la pili huja polepole. Chumvi iliyopenya hupanda na maji mpaka majanini, na maji yakipaa yenyewe hubaki. Majani ya zamani huungua ncha na kingo, kisha hukauka.

Mimea haikuumbwa sawa. Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa umeme, kwa kipimo kiitwacho desisimensi kwa mita. Maharage huanza kupungua mavuno kipimo kikipita 1, mpunga kikipita 3; pamba na shayiri huvumilia mpaka karibu na 8. Mnazi huvumilia kiasi. Mkarafuu ni mti wa kilimani, hutaka udongo upitishao maji. Asitokee mtu kupanda miche ukingoni mwa hori kwa kuwa kilimani pamejaa. Tena mpunga wenyewe hauna nguvu sawa siku zote: mbegu huota hata penye chumvi kidogo, lakini mche mchanga ni dhaifu, na chumvi ikiukuta mpunga unatoa maua, utavuna mapepe.

Walimu wetu katika jambo hili wako karibu. Mkoko huizuia chumvi nyingi mlangoni mwa mzizi. Mchu huipokea, kisha huitoa kwa majani. Asiyesadiki na alilambe jani lake. Hata katika mpunga wamo wenye hila kama hiyo. Huko Kerala, India, mpunga wa Pokkali hulimwa tangu zamani katika mabonde yaingiwayo na bahari. Uko na mwingine uitwao Nona Bokra, ambao mwaka 2005 wataalamu walieleza chembe yake ya urithi inayoiondoa sodiamu katika maji yapandayo shinani, isifike majanini.

Lakini mbegu peke yake haitoshi, maana hakuna mpunga unywao bahari yenyewe. Watu wa Kisiwa Panza walioona makonde na minazi yao ikipotea wayajua hayo kuliko sisi. Tuta la kuzuia bahari ni jambo jema, nalo huishi zaidi likiwa na mikoko mbele yake. Wanaoikata kwa kuni na chokaa wanalivua tuta nguo. Hata hivyo tuta bila mfereji wa kutoa maji hulifanya bonde kuwa Eyasi ndogo: chumvi iliyokwisha kuingia itatoka wapi? Hapo ndipo penye ule mlango. Mvua za masika zikijaza konde, maji yakae, yaiyeyushe chumvi, kisha yafunguliwe yaende baharini maji yakitoka, na kazi hiyo irudiwe. Miche ipandikizwe baadaye, nayo iwe imekomaa kidogo. Udongo ukishikamana kama saruji na kukataa maji, ujue sodiamu imeuganda. Dawa yake ni jasi, ambayo huchimbwa Makanya, Wilaya ya Same, kisha kuoshwa tena kwa mvua.

Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na mwezi wa Machi na Septemba. Ile ya Machi huwakuta wengi wetu wanatayarisha makonde, basi matuta yakaguliwe na mashimo ya kaa yazibwe mwezi wa Februari, kabla ya maji kujaa.