Sita ya Saa Ngapi?

Chukua mfano huu. Ni Ramadhani, tarawehe zimekwisha, na katika kundi la WhatsApp la wenye kisukari hapa Mji wa Kale, Mombasa, inaingia sauti ya mama mmoja: “Jamani, mie nimeacha vidonge. Nanywa mlonge kutwa mara mbili, na sukari imeshuka hadi 6!” Mashallah zinamiminika. Kabla ya daku, sauti hiyo imeshavuka feri ya Likoni na kufika Maskati.

Mama hakusema uongo, ila 6 yake haina saa. Kipimo hicho kabla ya kufuturu, tumbo likiwa tupu tangu alfajiri, ni habari moja. Saa mbili baada ya kaimati na tambi ni habari nyingine. Wala hakutaja vidonge gani. Metformin peke yake ni nadra kuangusha sukari kupita kiasi. Glibenclamide na insulini zaweza kumzimisha aliyefunga. Anayemwiga hajui anaiga nini.

Basi ukituma kipimo, tuma na saa yake, chakula kilichotangulia na jina la dawa. Na nambari mbili msizijadili kundini: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 (kwa kipimo cha mmol/L), mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani wasema ufungue hapo hapo.

Faida kubwa ya makundi haya iko kwingine: katika kuulizana hali. Mwaka 2007 na 2008, watafiti waliandikisha wagonjwa 538 walioanza dawa za HIV katika kliniki tatu za Kenya. Takriban nusu yao walitumiwa ujumbe kila wiki: “Mambo?” Walitakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” ndani ya siku mbili. Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo 2010: baada ya mwaka, asilimia 62 ya walioulizwa walikuwa wakimeza dawa ipasavyo, kwa maelezo yao wenyewe, kwa wenzao ilikuwa 50.

Ndani ya “Mambo?” hamna hata jina la dawa. Mgonjwa aliulizwa, akinyamaza akafuatwa, kama asiyeonekana barazani siku mbili anavyobishiwa hodi. Kundi lifanye kazi hiyo. Na mama wa mlonge, kabla ya kumwambia Mashallah, aulizwe: “Mamangu, ulipima saa ngapi? Daktari wako anajua?”