Neno "Magadi" na Nambari ya Dutu: Kuyafikia Maandiko ya Kemia kutoka Munkunyu, Kasese

Mwanafunzi wa Munkunyu, katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, hukua akizijua dutu nyingi kwa majina ya nyumbani. Chumvi ya Katwe huiona sokoni. Shaba ya Kilembe, iliyochimbwa kuanzia mwaka 1956 hadi mapema miaka ya 1980, imo katika masimulizi ya wazee. Kobalti nayo ilikuja kutolewa katika masalia ya mgodi huo kwa msaada wa bakteria, kuanzia mwaka 1999. Anapotaka kujua wanakemia wameandika nini kuhusu maji na udongo wa kwao, atakuta kwamba maandiko ni mengi kuliko alivyodhani. Kinachomzuia kuyafikia ni jina.

Neno "magadi" latosha kuwa mfano. Katika matumizi ya kila siku hutaja kabonati ya sodiamu, pengine bikabonati ya sodiamu, na pengine trona, yaani madini yenye zote mbili pamoja na maji. Mpishi hapotezi kitu kwa utata huo. Mtafutaji hupotea kabisa. Akiliandika neno hilo katika kanzidata ya kemia, ataletewa kwanza makala kuhusu Ziwa Magadi la Kenya, kisha makala kuhusu "magadiite", madini ambayo Hans Eugster aliyaeleza mwaka 1967 na kuyapa jina la ziwa hilo. Madini hayo ni silikati ya sodiamu. Hayana kabonati. Neno la Kiswahili limeingia katika istilahi za kimataifa, lakini limeingia likibeba maana nyingine, na msomaji asiyelijua hilo aweza kusoma makala kumi bila kutambua kwamba zinahusu dutu asiyoitafuta.

Wanakemia wenyewe waliwahi kutatizwa na wingi wa majina. Huduma ya ikisiri iliyoanzishwa Marekani mwaka 1907, Chemical Abstracts, ilianza mwaka 1965 kuipa kila dutu nambari yake ya usajili. Kabonati ya sodiamu ni 497-19-8, bikabonati ni 144-55-8, na sodiamu seskikabonati, ambayo ndiyo kemikali ya trona, ni 533-96-0. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Katika 497-19-8, tarakimu zilizotangulia huzidishwa kuanzia kulia: 9 mara 1, 1 mara 2, 7 mara 3, 9 mara 4, 4 mara 5. Jumla ni 88, na tarakimu yake ya mwisho ni 8. Aliyekosea kunakili nambari kwa kawaida hugundua hapo hapo. Nambari hiyo ikiingizwa katika PubChem, kanzidata ya bure iliyofunguliwa mwaka 2004, huleta majina yote ya dutu, ya kisayansi na ya kibiashara, na hayo ndiyo ya kutumia katika utafutaji wa makala.

Majina ya mahali yanahitaji uangalifu uo huo. Makala za zamani huandika "Ruwenzori", za sasa "Rwenzori"; atafutaye kwa tahajia moja hupata nusu ya habari. Mtafutaji akishapata makala moja nzuri, kazi huwa nyepesi. Arad na Morton (1969) walichunguza chemchemi za madini na maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa la Magharibi nchini Uganda, katika jarida la Geochimica et Cosmochimica Acta. Marejeleo yao humrudisha msomaji nyuma. Orodha ya waliowarejelea humpeleka mbele, hadi karne hii. Vivyo hivyo Owor na wenzake (2007), walioandika kuhusu athari za masalia ya Kilembe katika Ziwa George, ni mlango wa kuingilia katika suala la metali nzito, suala linalowagusa moja kwa moja wanaovua samaki ziwani humo.

Kuipata makala kamili ni jambo jingine. Mpango wa Research4Life huzifungulia taasisi za Uganda majarida mengi bila malipo, lakini taasisi ndiyo husajiliwa. Mwalimu wa sekondari asiye na nywila ya chuo hubaki na ikisiri tu, na ikisiri haimwambii sampuli zilichukuliwa wapi hasa, wala katika majira gani ya mvua.

Hapa ndipo kazi ya wanaistilahi inapohitajika. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1990, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Kamusi za kemia zitakazoandikwa kwa ajili ya shule za Uganda hazina sababu ya kuacha nambari za usajili. Kitomeo "magadi" kigawanywe maana tatu, na kila maana iandikiwe nambari yake pembeni.