Uingereza: Bunduki kuukuu ya shabaha hupimwa kwanza, ndipo irekebishwe

Katika vilabu vya kulenga shabaha nchini Uingereza, wenye pesa kidogo hununua BSA Martini iliyokwisha kutumika, bunduki ya risasi ndogo za .22 iliyotengenezwa Birmingham karne iliyopita. Kwanza sharti wapate kibali cha polisi.

Fundi huchunguza kutu ndani ya mtutu, kisha mdomo wake: mkwaruzo mdogo pale hupotosha risasi. Baadaye bunduki huegemezwa imara na kujaribiwa kwa risasi za aina mbalimbali, maana kila mtutu una zinazoufaa. Katika mashindano ya Olimpiki ya mita 50, duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4 tu.

Matundu yakikaribiana, inafaa kununua kifaa kipya cha kulengea na kurekebisha kitako kimkae mpigaji. Mtutu ukiwa umechakaa, pesa hizo zimepotea bure.